Je, ruta ya nyumbani izimwe tunaposafiri likizo ya wiki tatu?

Baba Kimara ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Sisi watu wa Rombo, kama mjuavyo na kama mnavyopenda kututania, kila Desemba hufunga nyumba za Dar es Salaam na kupanda kwenda "kuhesabiwa" kwa wazee. Mwaka huu familia yangu itaondoka Kimara tarehe 18 Desemba na kurudi tarehe 8 Januari, yaani siku 21, na katika maandalizi ya safari limezuka jambo dogo lililoigawanya nyumba: tuzime ruta ya intaneti au tuiache ikiwaka?

Hali ya nyumba ni hii. Tuna intaneti ya faiba tuliyofungiwa mwaka jana, na ruta yake imetundikwa ukutani sebuleni. Tangu fundi aifunge haijawahi kuzimwa hata siku moja, isipokuwa umeme unapokatika. Tuna kamera nne za ulinzi: mbili za nje zimeunganishwa kwa waya na mashine ya kurekodi iliyo chini ya ngazi, na mbili za ndani zinatumia Wi-Fi. Kijana wetu atabaki akilala chumba cha uani, lakini hatumwachii funguo za nyumba kubwa. Mita ya LUKU iko barazani, kwa hiyo tokeni anaweza kuziingiza yeye.

Mke wangu anasema kila kilicho kwenye soketi kichomolewe, kwa sababu ruta ikiwaka wiki tatu bila mtumiaji ni kula umeme bure na ni kualika moto. Shemeji yangu naye, ambaye husikilizwa sana pale nyumbani katika mambo haya, anashikilia kwamba ruta ikizimwa kwa muda mrefu kampuni huihesabu laini kuwa imekufa na kuipunguzia kasi, na kwamba ukirudi utaanza upya kubembelezana na huduma kwa wateja. Naomba msaada wa wanaofahamu, maana mimi nimebaki katikati yao.

---

Mhasibu wa Ilala amejibu:

Baba Kimara, salaam. Nianze na hoja ya mama watoto, kwa kuwa hiyo inapimika kwa kalamu. Geuza adapta ya ruta usome maandishi yake. Nyingi huandikwa volti 12 na ampia 1 au 1.5, maana yake adapta ina uwezo wa kutoa hadi wati 12 au 18. Hicho ni kikomo chake, si matumizi ya kila saa, kwani ruta ya faiba ya nyumbani kwa kawaida hutumia karibu wati 10 au pungufu. Wati 10 kwa saa 24 ni uniti 0.24 kwa siku, na kwa siku zako 21 ni uniti 5 na chembe. Ukiwa katika kundi la matumizi ya kawaida la TANESCO, ambalo uniti moja pamoja na kodi na tozo huja karibu shilingi 356, ruta yako itakula takriban shilingi 1,800 kwa likizo nzima. Ukiwa katika kundi la matumizi madogo, lile la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 122 na gharama yote haifiki 650. Kwa fedha hiyo, basi litakaposimama Korogwe, hamtapata hata soda ya kila mtoto.

Anayekula zaidi ni huyo aliye chini ya ngazi. Mashine ya kurekodi yenye diski inayozunguka, pamoja na kamera mbili za nje ambazo usiku huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho, haitakosa kufika wati 30 au 35. Hizo kwa siku 21 ni uniti 17 hivi, sawa na shilingi 6,000 na zaidi kwa bei ile ya 356. Hata hivyo hiyo ni bei ya ulinzi, na nadhani hakuna anayejadili kuizima.

Tena, kuzima ruta hakupunguzi hata senti ya ada ya intaneti. Kifurushi cha mwezi huhesabu siku za kalenda, kwa hiyo kitaisha tarehe ileile hata kama ruta imefungwa ndani ya sanduku. Kama nia ni kuokoa, iulize kampuni yako kama inaruhusu kusitisha huduma kwa muda, na uulize kabla ya kulipia mwezi mpya. Ukilipa ndipo uulize, hapo tena hakuna la kurudishiwa.

---

Fundi wa Ziwa amejibu:

Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao hapa Mwanza, mahali ambapo ngurumo za usiku si habari, kwa sababu eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Hesabu za Mhasibu ni sahihi, lakini ruta nyingi ninazozika hazikufa kwa kuwaka mfululizo. Ruta imeundwa kuwaka usiku na mchana kwa miaka, na kuiacha wiki tatu zaidi si mzigo kwake, mradi iko mahali penye hewa na haikufunikwa kitambaa cha mezani. (Vitambaa vile vya kufuma ninavivua kila ninapoingia sebuleni kwa watu, na kila nikirudi navikuta vimerudishwa.) Kinachoua ni radi, na kinachoua zaidi ya radi ni umeme unaporudi baada ya kukatika, ambapo kwa sekunde chache nguvu yake hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Adapta ndogo ndiyo hutangulia kufa; ikiwa na bahati hufa peke yake, na ikiwa ni ya bandia hufa pamoja na ruta.

Watu wengi huniambia kwamba faiba haina hofu ya radi. Wana haki kwa nusu. Uzi wenyewe ni wa kioo, unapitisha mwanga na si umeme, kwa hiyo radi haiwezi kuingia ruta kupitia kioo kama ilivyokuwa kwa waya za shaba za simu ya mezani. Hata hivyo waya unaotoka kwenye nguzo hadi ukutani kwako mara nyingi hubeba pembeni waya mwembamba wa chuma unaoshika uzito usikatike kwa upepo. Chuma hicho kinatakiwa kutengwa na kuishia kwenye ndoano nje ya ukuta, na kioo peke yake kiingie ndani. Nimeona mafundi wenye haraka wakiupitisha waya mzima, chuma na kioo pamoja, hadi nyuma ya ruta. Toka nje utazame wako. Na kama una antena juu ya paa yenye waya wa mtandao unaoshuka ndani, huo ni wa shaba na radi inaufahamu vizuri.

Mkiamua kuzima, msiishie kubonyeza swichi ya soketi. Swichi nyingi za soketi hukata waya mmoja tu, na pengo lake ni la milimita chache ambazo radi huziruka bila shida. Chomoeni plagi kabisa. Halafu kuna mambo mawili ambayo kila Januari hunipatia kazi za bure. Moja ni mtu kuchomoa ule waya wa faiba wenye kichwa cha kijani akidhani ndiyo kuzima: vumbi likikaa kwenye ncha ya kioo, mwanga hufifia, na mwanga wenyewe hauonekani kwa macho lakini si wa kuchungulia. Uacheni hapo ulipo. Jingine ni kubonyeza kwa sindano kile kitufe kilichofichwa ndani ya tundu. Hicho hakizimi, kinafuta mipangilio yote na kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na hapo kweli mtabembelezana na huduma kwa wateja.

---

Baba Kimara ameandika:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimetoka nje na tochi kutazama: chuma kimeishia kwenye ndoano, na kilichoingia ndani ni uzi mweupe mwembamba, kwa hiyo aliyetufungia alikuwa mtu wa kazi. Antena ya paa ninayo moja tu, ya king'amuzi. Mke wangu amesoma hesabu ya shilingi 1,800 na kunyamaza, ingawa suala la moto bado analo. Kilichobaki ni la shemeji, kwamba laini hupunguziwa kasi. Anasema alilisoma mahali panapoaminika.

---

Mtanga wa Reading amejibu:

Shemeji yako hakulitunga. Amelisoma kweli, ila limesafiri mbali na kwao. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Uingereza, na kila Agosti tunapofunga nyumba kwenda kuwasalimia wazee mjadala huu huzuka mlangoni, teksi ikisubiri.

Hapa, kwa miaka mingi intaneti ya nyumbani ilipita kwenye waya za shaba za simu ya mezani, na nyumba nyingi bado ziko hivyo. Shaba hupokea kelele nyingi njiani, kwa hiyo kwenye mtandao wa Openreach, kampuni inayotunza waya za simu za hapa, uliwekwa mfumo wa kompyuta unaoiangalia kila laini mchana na usiku na kujirekebisha wenyewe. Ukiona laini inakatika mara kwa mara, huamini kuwa ina hitilafu na huishusha kasi ili itulie. Mtu aliyekuwa na tabia ya kuzima ruta kila usiku na kuiwasha kila asubuhi, hasa kwa kuchomoa ghafla, angeweza kweli kuadhibiwa na mfumo huo kwa kosa ambalo si la laini. Ndiyo maana kampuni za hapa huwaambia wateja waiache ruta ikiwaka, na ushauri huo ukaenea mtandaoni hadi kwa watu ambao nyumbani kwao hakuna hata futi moja ya shaba.

Hata katika shaba, kuzima mara moja na kuwasha baada ya wiki tatu ni tukio moja tu, si laini inayoyumba. Kwenye faiba mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa kasi yako imepangwa kwa mujibu wa kifurushi ulicholipia na haipimwi kwa kelele za njiani. Ruta ikizimwa, mtambo wa upande wa kampuni huandika tu kuwa kifaa cha mteja hakipo. Ikiwashwa, hutambuliwa kwa namba yake na kuruhusiwa kuingia, na ndani ya dakika chache uko hewani. Kwa hiyo shemeji apewe heshima yake, lakini hoja yake haihusu ukuta wako.

Huku kwetu sababu ya kutozima imekuwa nyingine, na naitaja kwa ajili ya wasomaji walio Ulaya. Simu za mezani zinahamishwa kutoka mtandao wa zamani kwenda kwenye intaneti, na mtandao wa zamani umepangiwa kufungwa mwezi wa Januari 2027. Maana yake simu ya mezani sasa huchomekwa nyuma ya ruta. Mzee anayeishi na ile kengele ya shingoni ya kuomba msaada akizimiwa ruta na mwanawe mwenye nia njema, kengele hiyo inaweza kubaki pambo. Sisi tunapoondoka watu wote, nazima bila wasiwasi. Mwaka ambao mama mkwe alibaki peke yake, sikuigusa.

---

Mlinda Lango, Nairobi amejibu:

Kabla ya jambo lolote, Baba Kimara, umeandika hadharani mtaa wako, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na kwamba kijana hana funguo. Nakuomba uhariri swali lako. Mwizi wa leo naye anasoma.

Kuhusu ruta yenyewe, ningependa kuliweka wazi jambo moja ambalo limepitwa haraka. Ruta iliyozimwa haiwezi kushambuliwa, na hilo ni kweli tupu. Iliyoachwa ikiwaka kwa wiki tatu bila mtu wa kuitazama inaweza, hasa kama bado inatumia nenosiri lililotoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilijikusanyia kamera, mashine za kurekodi na ruta za majumbani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vya watu wasio na habari lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, hadi tovuti kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Mwezi wa Mei 2018 kikagunduliwa kingine, VPNFilter, kilichokuwa kimeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 kwenye nchi 54, na FBI wakawaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha tena, kwa sababu kufanya hivyo kulifuta sehemu ya kirusi iliyokuwa ikifanya uharibifu, ingawa mzizi wake ulibaki. Kamera zako nne na ile mashine ya chini ya ngazi ni za jamii hiihii.

Simaanishi kwamba uzime. Ninamaanisha kwamba kabla ya kuondoka ubadilishe nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi, na watu huyachanganya. Ubadilishe pia la mashine ya kurekodi. Na ufunge ruhusa ya kuendesha ruta kutoka nje kama imefunguliwa. Kijana wa uani mpe Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi zinayo, ili simu yake na za rafiki zake zisikae chumba kimoja na kamera zako.

Swali ninalodhani ndilo lenyewe ni hili: ukiwa Rombo, ni kitu gani nyumbani kitakachohitaji ruta? Mashine ya kurekodi haiihitaji ili irekodi. Itaendelea kuandika kwenye diski yake hata kama intaneti imekatika mwezi mzima. Utakachopoteza ni uwezo wa kutazama kutoka mbali. Kamera zako mbili za Wi-Fi, kama zina kadi ya kumbukumbu ndani, nyingi zitaendelea kurekodi pia, lakini hazitakutumia taarifa kwenye simu mtu akipita sebuleni. Basi kama unataka tu ushahidi wa kupeleka polisi baadaye, zima ruta. Kama unataka kujua usiku uleule na kumpigia kijana simu, iache.

---

Bibi wa Pangani amejibu:

Wanangu, mimi si mtaalamu, lakini nimekaa na vifaa hivi pwani muda mrefu na nina langu la kuongeza. Nyumba yangu iko karibu na bahari, na nilipokwenda kwa binti yangu Muscat kwa miezi miwili nilizima kila kitu kama alivyosema huyo mama. Niliporudi ruta ilikuwa na kutu ya kijani kwenye matundu ya waya, na haikuwaka tena. Fundi aliniambia kwamba kifaa kinachowaka huwa na joto kidogo linalofukuza unyevu, na kilichozimwa hukaa baridi kikinywa hewa ya chumvi usiku kucha. Tangu siku hiyo nikizima naichomoa, naitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, naufunga na kuuweka kabatini.

Kuiacha ikiwaka nako kuna wageni wake. Joto lilelile humvuta mjusi kafiri na sisimizi. Nimewahi kutoa ndani ya king'amuzi mjusi aliyekauka kama dagaa, na ndiye aliyekuwa amekiunguza. Baba Kimara, kabla hujaondoka fagia juu ya ruta, na usiache makombo ya keki ya Krismasi karibu nayo.

---

Baba Kimara ameandika:

Shikamoo bibi, na ahsante kwa la mjusi. Nimefungua nyuma ya mashine ya kurekodi na kukuta mayai mawili. Ndugu wa Nairobi, swali nimeshalihariri, naomba radhi kwa uzembe. Nataka kuona usiku uleule, kwa hiyo ruta itabaki. Sasa naomba fundi anisaidie: nifanyeje ili umeme ukirudi vibaya usiniachie majivu, na mke wangu apate usingizi huko mlimani?

---

Fundi wa Ziwa amejibu:

Gawa nyumba mara mbili. Upande mmoja weka ruta, mashine ya kurekodi na kamera, na upande wa pili kila kitu kingine. Upande wa pili mwachie mama watoto, achomoe atakavyo: runinga, king'amuzi pamoja na waya wa antena yake, redio, oveni ndogo, chaja za simu zinazobaki ukutani. Hofu yake ya moto ina msingi zaidi huko kuliko kwenye ruta, hasa kwenye zile ekstensheni za bei rahisi zenye plagi sita ndani.

Huo upande wa kwanza utoe kwenye ekstensheni na uuchomeke moja kwa moja ukutani kupitia kifaa cha kulinda friji, kile madukani wanachokiita gadi. Kazi yake ni kwamba umeme ukikatika, hakiruhusu urudi kwenye vifaa mpaka dakika chache zipite na nguvu itulie. Na ukizidi au kupungua kupita kiasi, hukata. Hakizuii radi ya kupiga karibu, na muuzaji atakayekuambia kinazuia anauza. Ukiweza, ongeza betri ndogo ya ruta ya volti 12, ambayo huibeba ruta kwa saa kadhaa umeme usipokuwepo. Hakikisha volti na ampia za betri zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta yako, kwa kuwa tundu huweza kuingia sawa na volti zikawa si zenyewe.

Halafu Jumamosi moja kabla ya safari fanya jaribio ambalo karibu kila mtu hulisahau. Zima Wi-Fi kwenye simu yako, tumia data ya kawaida, utazame kamera zote nne kana kwamba uko Rombo. Zikionekana, nenda kwenye swichi kuu ya nyumba, ikate, subiri dakika kumi, irudishe, na usiguse kitu chochote ndani. Kaa barazani na simu. Baada ya robo saa kamera zote zinatakiwa ziwe zimerudi zenyewe. Nimeona mashine za kurekodi ambazo umeme ukirudi hukaa zikisubiri mtu azibonyeze, na kamera za Wi-Fi zinazowaka kabla ya ruta kuwa tayari, zikakosa mtandao na kukata tamaa. Ugonjwa huo ni bora uujue ukiwa Kimara.

Kwa kuwa kijana hana funguo, nunua pia soketi yenye saa, zile za kuzungusha kwa mkono, uiweke kwa ruta peke yake, lakini hapo uachane na betri, maana ukiweka betri ruta haitazimika. Ipange izime robo saa kila siku saa tisa usiku. Ruta ikikwama, itajiwasha upya bila mtu. Umeme ukikatika, saa ya soketi nayo itachelewa na kuzima muda mwingine, lakini hilo halidhuru. Na acha uniti za kutosha kwenye LUKU, kwa sababu gadi, betri na saa zote hazina maana mita ikisoma sifuri.

---

Baba Kimara ameandika, tarehe 10 Januari:

Heri ya mwaka mpya, wanajukwaa. Tumerudi salama na nimeona ni adabu kuleta taarifa.

Jaribio la Jumamosi lilifichua mambo mawili. Kamera moja ya ndani haikurudi mpaka nilipoisogeza karibu na ruta, na mashine ya kurekodi ilirudi vizuri ila saa yake ikawa ya mwaka 2000, kumbe kibetri chake kidogo kilikuwa kimekufa. Nilibadilisha. Sikununua betri ya ruta. Nilichukua gadi na soketi yenye saa.

Tarehe 27 Desemba saa mbili usiku, tukiwa tumezunguka moto na wazee, picha zote nne zilipotea kwa mpigo. Nilimpigia kijana huku mikono ikitetemeka, naye akaniambia mtaa mzima ni giza. Umeme ulirudi saa saba usiku, na nilipoamka asubuhi kamera zilikuwa zote zipo. Baadaye kijana aliniambia kwamba taa za mtaani zilipepesa mara tatu kabla ya kutulia, wakati gadi ikiwa bado imefunga. Kwa wiki tatu, pamoja na taa ya nje, chumba cha kijana na friji yake ndogo, mita imekula uniti 46.

Redio kubwa ya sebuleni, ambayo ilikuwa katika upande wa mke wangu lakini mimi nikasema niachiwe nitaichomoa mwenyewe mwisho nikishazima muziki wa kufungia mizigo, ilisahaulika ukutani. Haiwaki. Mke wangu hajasema neno lolote, anaipangusa vumbi tu kila asubuhi.

---

Fundi wa Ziwa amejibu:

Pole sana. Kabla hujaipeleka popote, fungua plagi yake kwa bisibisi na ujaribu fyuzi nyingine. Ni ya mia tano au elfu moja, na redio nyingi ninazoletewa mwezi wa Januari ugonjwa wake huwa ni huo. Kama fyuzi ni nzima na ndani kuna harufu ya kuungua, usiichomeke tena.